Barua Niliyoisoma kwa Uongo

Ndugu zangu, jina la Yesu litukuzwe katika nyumba hii na katika nyumba mlizotoka asubuhi ya leo. Nawasalimu ninyi wa hapa Izimbya, nawasalimu wageni wetu wa Kemondo na Muleba, na wale ndugu waliovuka ziwa kutoka Goziba ili kuwaona wenzao wakipokea kitabu cha pili cha kusomea. Mwinjilisti ameniomba niseme jinsi Bwana alivyonitoa. Nimekubali, maana sina aibu tena. Aibu yangu ilimalizika humu humu kanisani, na wengine wenu mlikuwapo.

Mimi ni Zakaria, fundi seremala. Mabenchi mliyokalia niliyachonga mimi, na wengi wenu milango mnayofunga nyumbani ni kazi ya mikono yangu. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wachache. Shule ilipofunguliwa huku kwetu, alisema mtoto akishika kitabu hatashika fimbo. Nikaenda kuchunga. Nikawa mtu mzima bila kujua hata herufi moja. Hilo peke yake si dhambi, ndugu zangu. Wengi tulilelewa hivyo. Dhambi yangu ilianza pale nilipotaka watu wanidhanie kuwa mtu mwingine.

Mnajua kwa Kihaya chetu mtu aliyeacha matambiko na kubatizwa tunamwita omushomi, yaani msomaji. Nami nilipotaka kubatizwa, mwalimu wa dini alitutahini kusoma, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na kichwa chepesi sana cha kushika maneno. Ukurasa ule nilikuwa nimewasikia wenzangu wakiukariri kwa majuma mengi. Nikashika kitabu, nikainamisha kichwa, nikautoa ukurasa wote kutoka moyoni, hata pale penye kituo nikatua. Mwalimu akasema, "Zakaria, umesoma kuliko wote." Ningeweza kumwambia ukweli dakika ile. Nilinyamaza, nikabatizwa, nikaitwa msomaji.

Uongo, ukishaupa chumba, hutaka nyumba nzima. Nilinunua miwani kwa mchuuzi mjini Bukoba, miwani ya mtu mwingine kabisa, ambayo nikiivaa ardhi inainuka na kushuka kama maji. Nikawa natembea na kitabu kwapani. Vitabu vyangu vyote nilivitia alama ya moto ya msumari kwenye pembe ya chini, ili nisije nikavishika juu chini. Mtu akiniletea karatasi nisome, nilisema nimesahau miwani, nikamwelekeza kwa mwinjilisti. Watu wakanichagua kuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa husoma somo Jumapili zake. Basi kila Jumamosi kabla ya zamu yangu nilikwenda kwa mwinjilisti nikamwambia, "Waitu, bwana wangu, hebu nisomee nisikie unavyotamka, nisije nikaliharibu neno la Mungu." Yeye alifurahi sana, akaniona mnyenyekevu. Nilisikiliza mara mbili, nikarudi nyumbani nalo lote kichwani.

Miaka kumi na minne nilikaa hivyo. Msidhani nilikuwa na raha. Nikiona mtu anakuja na karatasi mkononi, niliingia nyuma ya nyumba.

Sasa, hapa jirani yangu kuna mama, nanyi mnamjua, Kokushubira. Alifiwa na mumewe mapema, akabaki na mtoto mmoja, Eliasi. Huyu Eliasi alisoma shule, akasoma vizuri, na vita ilipokuja alichukuliwa jeshini na Waingereza. Ilipita miaka mama yake hajui kama yu hai. Vita ikaisha, wengine wakarudi na makoti yao mazito, Eliasi hakuonekana. Kila msafara wa watu ukitoka mjini, Kokushubira alisimama njiani akiwauliza.

Siku moja asubuhi nilikuwa kibandani kwangu napiga randa. Alikuja mteja mmoja kutoka mbali, nami kwa majivuno nikavaa miwani yangu ili anione. Mteja alipoondoka tu, Kokushubira akaingia. Anahema, khanga imemteleza begani, na mkononi ana bahasha.

"Zakaria, mwanangu ameandika," akasema. "Mwinjilisti amekwenda Bukoba, harudi mpaka Ijumaa. Nisomee, waitu, nitakufa nikingoja."

Ndugu zangu, nilitaka kusema nimesahau miwani. Nayo ilikuwa puani.

Nikafungua bahasha. Karatasi moja, imeandikwa pande zote mbili. Kwangu herufi zilikuwa nyayo za kuku tu. Nilimtazama yule mama. Alikuwa amekwisha kukaa chini kwenye vumbi la mbao, ameweka mikono magotini kama mtoto wa darasani. Nikajiambia, barua ya mwana kwa mama husema nini? Husema salamu. Nikaanza. Nikasema, "Mama yangu mpendwa, mimi ni mzima wa afya. Chakula tunapata. Bado tuna kazi kidogo huku, lakini msimu wa senene nitakuwa nyumbani. Wasalimu majirani wote, hasa mzee Zakaria." Naam, hata jina langu nililitia.

Kokushubira akalia kwa furaha. Akaichukua ile barua, akaitia kifuani, akaenda akiimba njia nzima. Jioni alituletea, mimi na mke wangu, chakula cha kushukuru, ndizi na samaki, nami nikakila.

Sasa nitawaambia kilichokuwa ndani ya barua ile. Eliasi hakuiandika kwa mkono wake. Aliandikiwa na mwenzake katika hospitali ya askari, kwa Kiswahili. Ilisema kwamba alipigwa usoni na mripuko, macho yake yote mawili yamekwisha, haoni kitu. Ilitaja juma ambalo meli ingemfikisha gati la Kemondo. Ikasema, "Mama, uje mwenyewe au umtume mtu, kwa maana siwezi kutembea peke yangu. Nitakungoja hapo."

Naye akangoja. Meli ilimshusha na mfuko wake, ikaondoka. Akakaa juu ya magunia ya kahawa, anasikiliza hatua za watu. Kila hatua ya mwanamke ikikaribia, aliinua kichwa. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku nne, ndugu zangu. Wachukuzi walimpa maji na vipande vya samaki, wakamwacha, wakidhani jamaa zake wanakuja.

Pale Kemondo kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki wakavu, Mzee Sefu. Ni Mwislamu, babu yake alitoka pwani, yeye alizaliwa Bukoba. Leo amekaa pale karibu na dirisha, amekuja kwa heshima yetu. Siku ya nne alimfuata yule kijana, akamwuliza, "Mwanangu, unamngoja nani?"

Eliasi akajibu, "Nilimngoja mama yangu. Sasa simngoji tena. Nipandisheni meli inayorudi."

"Urudi wapi?"

"Popote. Mama amesikia kwamba mimi ni kipofu, amenikataa. Simlaumu. Mjane atafanya nini na kipofu?"

Mzee Sefu akamshika mkono, akamwambia, "Mama hamkatai mtoto ambaye hajamwona. Leo utakula kwangu. Kesho tutakwenda kumwuliza mwenyewe." Na kesho yake aliacha duka lake, akampandisha kwenye lori la kahawa, kisha wakatembea kwa miguu sehemu iliyobaki, yeye mbele na kijana nyuma ameshika ncha ya kanzu yake.

Mimi nilisikia kelele kwa Kokushubira nikadhani kuna msiba. Nilipofika nilimkuta mama amempakata mwanawe mkubwa yule kama mtoto mchanga, anamshika macho, anamshika uso. Majirani wamejaa. Ndipo Eliasi akauliza, polepole kabisa, "Mae, mama, mbona hukuja? Niliandika."

Kokushubira akaitoa barua kifuani. Alikuwa nayo siku zote. Akasema, "Barua ni hii. Haikusema hivyo." Mzee Sefu akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma kwa sauti mbele yetu wote, bila kukwama hata mara moja.

Watu wakanigeukia. Na hapa ndipo niliposhuka mpaka shimoni kabisa. Kokushubira mwenyewe alinipa mlango wa kutokea. Akasema, "Zakaria, labda hukuona vizuri? Labda mwandiko ulikuwa mbaya?" Alikuwa anataka niseme ndiyo, maana aliniamini. Nami nikasema, "Ndiyo, mama. Mwandiko ulinishinda. Nilibahatisha kidogo."

Mzee Sefu alinitazama, akaitazama barua, akanitazama tena. Akamrudishia Kokushubira barua yake. Lakini alipokuwa anaondoka, nikamsindikiza mpaka njiapanda kama ada yetu, naye akaniambia, "Fundi, mwandiko wa barua ile ni safi kama wa kitabu." Akaongeza, "Mungu anasitiri. Lakini sitara si ya kulalia." Akaenda zake.

Nilirudi kibandani nikakaa. Mke wangu, Damari, alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Nikamwambia, "Damari, kuna jambo nataka kukuambia. Mimi sijui kusoma."

Hakuacha kumenya. Akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule uliponioa. Mtu anayesoma, macho yake hutembea. Ya kwako yamesimama mahali pamoja."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe," akajibu. "Sasa umeniambia mimi. Lakini si mimi niliyekaa gatini siku nne."

Jumapili ile ilikuwa zamu yangu ya kusoma. Jumamosi sikwenda kwa mwinjilisti. Nilikwenda kanisani kichwa kitupu kabisa, na kama kuna kitu kinatisha kuliko hicho sijakiona. Nilipoitwa nikaja mbele, nikafungua kitabu pale palipowekwa utepe. Nikakitazama. Kikanyamaza. Nikavua miwani, nikaiweka juu ya kitabu, nikasema, "Ndugu zangu, sijui kusoma. Sijapata kujua. Barua ya Eliasi niliitunga kichwani mwangu, na kwa sababu hiyo aliachwa gatini kipofu. Nilimdanganya Kokushubira mara mbili, mara ya pili vibaya zaidi. Nawaomba mnisamehe."

 Kisha Kokushubira akainuka, akamshika mwanawe mkono, wakatoka nje. Ibada ilimalizika hivyo hivyo. Wazee wenzangu walikaa, wakanivua uzee wa kanisa, wakaniambia nisikaribie meza ya Bwana kwa muda. Walifanya vyema, nami nawashukuru. Lakini niwaambieni jambo la ajabu: nilipokuwa natembea kurudi nyumbani, watu wananikwepa njiani, moyo wangu ulikuwa mwepesi. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne niliona mtu anakuja na karatasi mkononi nisijifiche. Hapo nikajua Bwana amekwisha kunishika. Wokovu ulianza kabla sijasamehewa na mtu yeyote.

Majuma matatu Kokushubira hakunisemesha. Siku moja nilikuwa narudi kutoka kuchukua mbao, nikakutana naye kwenye kijia kati ya migomba yake na yangu. Nikaweka mbao chini, nikapisha. Hakupita. Alisimama, akasema:

"Zakaria, siku zile nne mwanangu yuko pale juu ya magunia, unajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nalima nacheka. Niliwaambia watu wote msimu wa senene anakuja. Hicho ndicho ulichoniibia, kwamba nilicheka siku zile."

 Nikapiga magoti pale kwenye njia.

"Inuka," akasema. "Nimekusamehe, kwa kuwa Bwana ameniamuru. Kukupenda nitajaribu kesho. Eliasi anakuita."

Nikamfuata. Eliasi alikuwa amekaa uani juani. Nilimwogopa kuliko mama yake. Akasikia hatua zangu, akasema, "Keti, tata." Aliniita tata, baba, jinsi alivyoniita utotoni. Nikaketi. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Unataka kujua kusoma, au umeishia kuungama?"

Nikasema, "Nina umri huu, Eliasi. Nani atanifundisha?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Macho yamekwenda, herufi hazikwenda," akasema. "Tangu nirudi nimekaa hapa. Mama ananilisha, ananivika, ananipeleka chooni. Sina kazi. Nikikaa hivi mwaka mzima nitakufa, nawe utakuwa umeniua mara ya pili. Njoo tufanye kazi."

Kokushubira alikuwa amesimama jikoni mlangoni, akasema kwa ukali, "Mmoja ana macho hana herufi. Mwingine ana herufi hana macho. Kaeni pamoja, labda atapatikana mtu mmoja mzima." Mimi nilidhani amekasirika. Eliasi alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu arudi.

Basi tukaanza hivi. Eliasi alichora herufi kwa kidole kwenye udongo wenye maji. Mimi niliiangalia, nikaenda kibandani nikaichonga kwa patasi kwenye kipande cha mbao ya mti wa musizi, nikamletea. Akaipapasa. "Hii ni M, lakini mguu wake mmoja ni mfupi. Ichonge tena." Nikachonga tena. "Hii S yako imegeukia ukutani. Tena." Hakuna mwalimu mkali kama kidole cha kipofu. Huwezi kumwonyesha kwa mbali ukamficha kosa. Lakini herufi ambayo umeichonga mara tatu, ukaipiga msasa, huwezi kuisahau. Mkono wangu ulijua herufi kabla ya jicho.

Baada ya kuzimaliza zote, tukazipanga kwenye ubao. Eliasi alisema sauti, mimi nikatafuta vipande, nikavipanga, yeye akapitisha kidole kuangalia. Neno la kwanza nililolipanga mwenyewe bila kosa lilikuwa "mama." Yeye ndiye aliyelitaka. Akalipapasa, akamwita Kokushubira, akamshika mkono akampapasisha. Yule mama alisimama pale, kidole chake juu ya mbao yangu. Kisha akasema, "Na jina langu mimi linaandikwaje?" Nikajua sasa tuko watatu darasani.

Siku niliyofungua kitabu changu cha zamani nikasoma ule ukurasa wa ubatizo, niligundua neno moja nililokuwa nikilikosea miaka yote, kila nilipolisema mbele yenu. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa mlinidhania msomaji. Nililia, kisha nikacheka peke yangu mpaka Damari akaja kuona kuna nini.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Ndugu zangu, baada ya ungamo langu watu walianza kuja kibandani kwangu kama wanataka mlango, kumbe wanataka jambo jingine. Mmoja ananong'ona, "Fundi, hata mimi." Mwingine, mzee wa kanisa mwenzangu aliyenivua uzee, naye anasema, "Hata mimi, kidogo." Simtaji. Mwenyewe anacheka pale nyuma. Tukaanza darasa hapa chini ya upenu wa kanisa, siku za Jumatano, kahawa ikishaanuliwa. Hakuna aliyelipwa. Eliasi anafundisha, mimi nachonga, Damari anawapikia chai walimu, na aliyejua kurasa mbili alimfundisha aliyejua moja.

Mzee Sefu alisikia. Alikuja mwenyewe kuona. Alikaa saa nzima nyuma, kisha akasema, "Pale Kemondo nina ghala. Siku isiyo na meli linakaa bure. Leteni mbao zenu." Wako Wakristo walioguna, wakasema mtakwendaje kusomea kwa Waislamu? Na upande wa mjini wako Waislamu waliomwuliza Mzee Sefu kama anataka kuwabatiza watoto wao. Yeye alijibu hivi, nilikuwapo: "Wanafundishwa A. Siku wakifundishwa jambo jingine nitawaambia." Wakaja. Wachukuzi wa gati wakaja, wanawake wa samaki wakaja. Wale wachukuzi waliompa Eliasi maji, wawili wao walikuwa wanafunzi wake wa kwanza kule. Mtu akiwa na gazeti kuukuu au kitabu alichomaliza, alikileta ghalani, na mwingine akakichukua akakisoma. Kutoka hapo mama mmoja aliyeolewa Muleba akaomba herufi zake, nikamchongea, akaanzisha kwake. Leo amekuja na kumi na mmoja.

Kemondo ndiko walikotukuta wavuvi wa Goziba. Wakasema, "Sisi huku hatukai. Njooni kwetu." Mimi ziwa naliogopa, siwafichi. Lakini Eliasi alisema, "Tata, mimi sitaona mawimbi, na wewe ufumbe macho. Tutakuwa sawa." Tukapanda mtumbwi. Tulipokaribia pwani ya kisiwa wimbi lilitupiga ubavuni, kasha letu la vitabu na herufi likatumbukia na kufunguka. Vitabu vyote na karatasi zote zikalowa, zikazama. Nilikaa ndani ya mtumbwi nikaona kazi yetu imekwisha kabla haijaanza.

Lakini mbao huelea, ndugu zangu. Herufi zangu zikatawanyika juu ya maji kama bata. Wavuvi waliokuwa ufukweni wakaona, wakaanza kucheka, wakaingia majini na nyavu zao. Kulikuwa na mmoja, Magesa, jitu kubwa lenye sauti, ambaye kabla hatujashuka alikuwa akipiga kelele kwamba samaki hawasomi na yeye hana haja. Huyo huyo aliingia maji mpaka shingoni akazifukuza. Akaja ufukweni amekumbatia vipande kifuani, akavimwaga mbele ya Eliasi, akasema, "Kipofu, nimevua hivi. Vinaitwaje?"

Eliasi akachukua kimoja, akakipapasa. "Hiki ni G. Chako ni kipi?"

"Changu?"

"Jina lako nani?"

Akalisema. Eliasi akatafuta kwa vidole kwenye lile fungu lililolowa, akampangia mchangani, herufi moja moja. Yule mtu alichuchumaa akaliangalia jina lake kwa muda mrefu sana. Wenzake walikuwa bado wanacheka, yeye hakucheka. Akasema tu, "Liacheni hapo. Asilikanyage mtu." Tulikaa Goziba majuma mawili bila kitabu hata kimoja, tukafundisha kwa mbao na mchanga. Magesa ndiye huyu aliyekaa mbele hapa, mwenye shati la bluu. Sasa yeye ndiye mwalimu wa kisiwa. Leo amekuja kuchukua vitabu, naye ameahidi kuvishika mwenyewe kichwani wakati wa kuvuka.

Namshukuru Bwana aliyenitoa katika uongo kwa njia ya watu niliowaumiza. Namshukuru Kokushubira, ambaye alijaribu kesho yake, na keshokutwa, na sasa ananipenda kwa kweli, ingawa bado ananigombeza. Namshukuru Mzee Sefu aliyeninyamazia mbele za watu akaniambia njiani. Nakushukuru Eliasi. Wazee wamenirudisha mezani, na uzee wangu pia walitaka kunirudishia. Nikawaomba waniache na patasi.

Nami sasa nasema na mtu mmoja. Simjui ni nani, lakini najua yumo. Amekaa na kitabu cha nyimbo kimefunguka mbele yake, midomo inakwenda pamoja na wenzake, na tangu nianze kusema hakuinua macho. Ndugu yangu, dada yangu, usisimame. Sitakuita mbele. Mwamini Bwana kwa jambo hili moja dogo: Jumatano, kahawa ikishaanuliwa, pita kwangu kibandani, useme umekuja kuagiza mlango. Nitaelewa. Keti juu ya mbao, nitakuuliza jina lako, na tutaanza na herufi yake ya kwanza.